Kabla ya kudai mwanasiasa hafai kuwa jaji, fuateni njia ya Abner Mikva

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mada ya "mwanasiasa hafai kuwa jaji" hairudi mara moja kwenye midahalo ya shule na vyuo huku Nyanda za Juu Kusini, na ikirudi lazima Marekani itajwe. Wanaopinga mada husema mbona kule wanasiasa wanakuwa majaji na mahakama zinaheshimiwa. Wanaoiunga mkono hujibu kwamba ndiyo sababu mahakama za kule zimejaa uchama. Pande zote mbili hazitaji mtu, mwaka wala kifungu.

Sisi tunaofundisha sheria na kuifanyia kazi tumeona tumchukue mtu mmoja, Abner Mikva, tumfuate hatua kwa hatua. Alikuwa wakili, mbunge katika bunge la jimbo (state) la Illinois, mbunge wa taifa, jaji wa shirikisho (yaani wa serikali kuu ya Marekani) kwa karibu miaka 15, kisha mshauri wa sheria wa Rais. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba imani aliyopewa kitini haikutokana na tabia yake tu. Karibu kila alipohama kazi moja kwenda nyingine sheria ilimtaka aache kitu, na akiache watu wakiona. Pale ambapo sheria haikumtaka aache chochote, ndipo maswali yalipobaki hadi leo.

Mikva alizaliwa Milwaukee, Wisconsin, Januari 21, 1926, wazazi wake wakiwa Wayahudi wahamiaji kutoka Ukraine. Alihitimu sheria Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1951, akaenda moja kwa moja Washington kuwa msaidizi wa kisheria wa Jaji Sherman Minton wa Mahakama ya Juu. Kazi hiyo ya mwaka mmoja ni ya kusoma majalada, kuchimbua kesi za nyuma na kumwandalia jaji rasimu. Wanamdahalo wamwangalie huyo Minton. Alikuwa seneta wa Indiana kuanzia 1935 hadi 1941, kisha jaji wa rufaa, kisha Mahakama ya Juu mwaka 1949. Kwa hiyo mwalimu wa kwanza wa Mikva kwenye kazi ya ujaji alikuwa mwenyewe ametoka kwenye siasa. Aliporudi Chicago alifanya uwakili kwenye ofisi moja na Arthur Goldberg, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Kazi (1961) na jaji wa Mahakama ya Juu (1962). Njia hiyo Wamarekani wameizoea, hakuibuni Mikva.

Siasa ilimpokea vibaya. Mwaka 1948, akiwa bado mwanafunzi, aliingia ofisi ya Chama cha Democratic ya kata yake kujitolea kuwafanyia kampeni wagombea wa chama hicho, Adlai Stevenson (ugavana wa Illinois) na Paul Douglas (useneta). Mkubwa wa ofisi akamuuliza nani kamtuma. Akajibu hakuna. Akaambiwa hawamtaki mtu ambaye hakutumwa na mtu. Jibu hilo limebaki maarufu Chicago, kwa sababu linaeleza chama kilivyoendeshwa: kadi ya uanachama haikutosha, ulihitaji mkubwa wa kukushika mkono.

Sasa mtu asiyetumwa na mtu alipataje ubunge wa Illinois mwaka 1956? Jibu liko kwenye namna ya kuhesabu kura, na hapa tunaomba wasomaji wachukue kalamu. Baraza la Wawakilishi la Illinois wakati huo lilikuwa na wabunge watatu kwa kila eneo la uchaguzi, na kila mpiga kura alikuwa na kura tatu. Angeweza kugawa moja moja kwa watu watatu, au kuzimwaga zote tatu kwa mmoja. Chukua eneo lenye wapiga kura 10,000, yaani kura 30,000. Watu 2,501 wakimpa mgombea wao kura zote tatu, anapata 7,503. Zinabaki 22,497. Hata wapinzani watatu wakizigawana sawasawa, kila mmoja anaishia 7,499. Mgombea wa robo ya watu na mmoja zaidi hawezi kuzuiwa. Mwenye wafuasi wachache walioshikamana, kama Mikva kwenye mitaa ya chuo, alipita bila baraka za wakubwa wa chama. Utaratibu huo ulifutwa kwa kura ya wananchi mwaka 1980. Wanaosema sifa za mtu ndizo zinazompeleka bungeni wanasahau kwamba kanuni ya kuhesabu ndiyo inayoamua sifa zipi zionekane.

Alikaa bunge la jimbo miaka 10. Mwaka 1966 aligombea tiketi ya ubunge wa taifa dhidi ya mzee Barratt O'Hara wa chama chake mwenyewe, akashindwa. Mwaka 1968 alirudi, akashinda. Mipaka ilipochorwa upya baada ya sensa ya 1970, mtaa wake wa Hyde Park uliangukia eneo la Ralph Metcalfe, mwanariadha wa Olimpiki wa 1932 na 1936 aliyegeuka mwanasiasa. Wakazi wa Mbeya hamhitaji kuelezwa mbali: mwaka 2025 jimbo la uchaguzi la Mbeya Mjini liligawanywa, likazaliwa jimbo la Uyole, na kila mwanasiasa akalazimika kuamua asimame upande gani. Mikva alihamia Evanston, kaskazini mwa Chicago. Katiba ya Marekani ilimruhusu, kwa kuwa inamtaka mbunge awe na miaka 25, uraia wa miaka 7 na makazi ndani ya jimbo kama Illinois, bila kudai aishi ndani ya eneo lake la uchaguzi. Ila kuruhusiwa na kushinda ni mambo mawili. Mwaka 1972 alishindwa na Samuel Young. Akashinda 1974. Mwaka 1976 alipita kwa kura 201 kati ya zaidi ya laki mbili. Mwaka 1978 alipita kwa kura 650, akimshinda John Porter.

Mei 29, 1979, Rais Jimmy Carter alimteua kuwa jaji wa Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ya Wilaya ya Columbia, ile iliyoko Washington ambayo husikiliza kesi nyingi za kupinga maamuzi ya idara za serikali. Uteuzi huo ulikuwa mwanzo tu wa safari. Mteule hujaza fomu ndefu ya maswali kuhusu kazi, mali, hotuba na maandishi yake. Wapelelezi wa FBI huchunguza mwenendo wake. Chama cha mawakili cha taifa hutoa alama ya uwezo wake. Kamati ya Sheria ya Seneti humhoji hadharani, na wanaompinga hupewa nafasi ya kusema. Kwa majaji wa shirikisho wanaopangiwa majimboni, maseneta wawili wa jimbo husika nao huulizwa. Wilaya ya Columbia haina seneta, hivyo hatua hiyo haikuwepo kwake, na upinzani wote ukahamia kwenye kamati na ukumbi wa Seneti.

Upinzani ulikuwepo wa kutosha. Mikva alikuwa amepigania kwa miaka udhibiti mkali wa bastola, na chama cha wamiliki wa bunduki, NRA, kilifanya kampeni kali dhidi yake. Seneti ilipiga kura Septemba 25, 1979: 58 ndiyo, 31 hapana. Siku iliyofuata aliacha ubunge. Hakuwa na hiari hapo. Ibara ya Kwanza, sehemu ya 6, ya Katiba ya Marekani inakataza mtu mwenye cheo cha serikali ya shirikisho kuwa mbunge wakati huohuo. Gharama yake ilionekana haraka. Uchaguzi mdogo wa Januari 1980 uliwapa kiti hicho wapinzani wao, chama cha Republican, kupitia John Porter yuleyule aliyeshindwa kwa kura 650. Rais alipata jaji, chama chake kikapoteza mbunge.

Sehemu hiyohiyo ya 6 ina sharti la pili, na hapa ndipo mfumo wa Marekani unapovuja. Inasema mbunge asiteuliwe, ndani ya kipindi alichochaguliwa, kushika cheo ambacho kimeanzishwa au malipo yake yameongezwa ndani ya kipindi hicho. Lengo ni kuzuia wabunge wasijipikie vyeo na mishahara halafu wavihamie. Seneta James McClure wa Idaho alidai mshahara wa majaji ulikuwa umepandishwa Mikva akiwa mbunge, hivyo uteuzi ni batili. Bunge lilipitisha sheria ya kumwezesha mbunge au seneta kufungua shauri la namna hiyo. McClure akalifungua Idaho mbele ya majaji watatu. Mwaka 1981 walilitupa bila kugusa kiini: seneta aliyepiga kura ya hapana na akashindwa ukumbini hana jeraha la kisheria la kulipeleka mahakamani. Mahakama ya Juu ikabariki uamuzi huo. Yalikuwa yametokea vilevile mwaka 1937 kwa Seneta Hugo Black alipopelekwa Mahakama ya Juu: mlalamikaji alikataliwa kwa kuwa malalamiko yake hayakuwa tofauti na ya raia mwingine yeyote. Matokeo yake ni kwamba kifungu kipo, kimeandikwa vizuri, na mwenye haki ya kukidai mahakamani haonekani. Wanaounga mkono mada wangeshika hapa badala ya kusema "uchama, uchama". Ni hoja nzito kuliko zote walizonazo.

Akishakaa kitini, kinachomlinda jaji wa shirikisho ni Ibara ya Tatu. Anakaa maadamu mwenendo wake ni mwema, yaani maisha yake yote akitaka, na mshahara wake hauwezi kupunguzwa akiwa kazini. Rais aliyemteua hawezi kumfukuza wala kumhamisha. Mbunge wa kura 201 aliyekuwa akiamka kila asubuhi na hesabu za uchaguzi ujao ghafla hana mtu wa kumwomba kura. Hapohapo kanuni za maadili zinamkataza kushika uongozi wa chama, kuhutubia kwa niaba ya mgombea au kuchangia kampeni, na akitaka kugombea sharti ajiuzulu kwanza. Sheria pia inamtaka ajitoe kwenye kesi yoyote ambamo mtu mwenye busara angeweza kuutilia shaka usawa wake. Wasomaji wasichanganye hili na majaji wa majimbo. Illinois kwenyewe majaji wa jimbo hugombea kwa tiketi za vyama, na wanafunzi wengi hupoteza alama kwa kusema "majaji wa Marekani huchaguliwa na wananchi" bila kutaja ni mahakama zipi.

Kazi yenyewe tuione kwa kesi moja. Mwaka 1982 kikundi cha kutetea wasio na makazi kiliomba kusimika mahema 20 kwenye bustani ya Lafayette, mbele ya Ikulu ya Marekani, na 40 kwenye uwanja mkuu wa Washington. Idara ya hifadhi ilikubali mahema, ikakataa watu kulala ndani yake. Kikundi kikasema kulala ndiyo hoja yenyewe, kwamba mtu asiye na nyumba analala nje wakati wa baridi. Kwa kawaida mahakama hiyo hukaa majaji watatu, lakini kesi hii ilisikilizwa na jopo zima la majaji 11. Mwaka 1983 kikundi kilishinda kwa 6 dhidi ya 5, Mikva akiandika maoni ya kuongoza: katika mazingira yale kulala kulikuwa sehemu ya ujumbe, na serikali haikutoa sababu ya kutosha kukukataza. Antonin Scalia aliandika kupinga. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi kwa 7 dhidi ya 2. Mwanasiasa wa zamani aliandika alichoamini, wenzake watano wakakataa, mahakama ya juu yake ikamsahihisha, kila mmoja kwa maandishi yenye jina lake. Anayetaka kujua kama alihukumu kwa sheria au kwa chama asome kurasa hizo na kuupima uzito wa kila hoja.

Scalia na Mikva walitofautiana pia kuhusu namna ya kusoma sheria. Scalia alishikilia maneno ya kifungu peke yake. Mikva aliona taarifa za kamati za bunge zinasaidia kujua wabunge walikusudia nini, naye alikuwa amekaa kwenye kamati hizo na alijua zipi zimeandikwa kwa makini na zipi zimechomekwa na mtu mmoja usiku wa mwisho. Tunakubaliana na Mikva hapa. Jaji aliyewahi kukaa bungeni anajua kifungu kibovu kimetoka wapi. Na hakuwa peke yake: kuanzia 1985 alikaa kiti kimoja na James Buckley, seneta wa zamani wa New York aliyechaguliwa mwaka 1970 kwa tiketi ya Chama cha Conservative, mtu wa mrengo wa upande wa pili kabisa. Wanasiasa wawili wa zamani, imani mbili, mahakama moja, na majalada yakigawiwa bila mwenye kesi kuchagua jaji.

Januari 1991, mwezi uleule alipotimiza miaka 65, Mikva alikuwa Jaji Mkuu wa mahakama hiyo. Cheo hicho hakitolewi na Rais. Humwendea mwenye muda mrefu zaidi kazini kati ya wale ambao hawajafika miaka 65, na ndiyo maana tarehe ilikuwa na uzito. Aliondoka Septemba 1994, akiwa na miaka 68. Sheria ya kustaafu inamruhusu jaji wa shirikisho mwenye umri wa miaka 65 na utumishi wa miaka 15 kuondoka na mshahara kamili, na kila mwaka wa umri unaoongezeka unapunguza mwaka mmoja wa utumishi. Kwa umri wa 68, miaka 12 inatosha, naye alikuwa na karibu 15.

Alikwenda kuwa Mshauri wa Sheria wa Rais Bill Clinton, kuanzia Oktoba 1994 hadi Novemba 1995. Hatua hii ndiyo inayotutia wasiwasi kuliko zote. Cheo hicho hakipitishwi na Seneti, na mmoja wa wajibu wake ni kumsaidia Rais kuchagua majaji. Mtu aliyekaa jana na majaji wenzake kwenye chumba cha mashauri leo anamshauri Rais kuhusu nani apandishwe. Hakuna aliyemthibitishia Mikva kosa lolote, na kiti cha ujaji alikuwa amekiacha kabisa, lakini kuingia kwake mahakamani kulipimwa kwa kura 89 za hadharani na kutoka kwake kwenda Ikulu hakukupimwa na yeyote.

Kwa wanaodai kwamba kinga ya maisha haina breki, tunataja jina lingine la mwaka uleule. Alcee Hastings, aliyekuwa jaji wa mahakama ya jimbo la Florida, aliteuliwa jaji wa shirikisho na Carter mwaka 1979. Alishtakiwa kwa rushwa, baraza la raia wanaoamua kesi (jury) likamwachia huru mwaka 1983. Hata hivyo Baraza la Wawakilishi lilimfungulia mashtaka ya kumng'oa mwaka 1988 kwa kura 413 dhidi ya 3, na Seneti, inayohitaji theluthi mbili, ikamwondoa Oktoba 1989. Mwaka 1992 wapiga kura wa Florida walimchagua mbunge, akakaa bungeni hadi kifo chake Aprili 2021. Seneti ilikuwa na uwezo wa kumzuia pia asishike cheo tena, lakini hiyo ni kura ya pili, tofauti na ile ya kumwondoa, na haikupigwa.

Kwetu je? Ibara ya 109 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa Rais uwezo wa kuteua majaji wa Mahakama Kuu baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, na inadai sifa maalumu za kisheria kwa muda usiopungua miaka 10. Katiba ya Marekani haidai hata shahada ya sheria. Ibara ya 113A inamkataza jaji, msajili na hakimu kujiunga na chama cha siasa, ila inamwachia haki yake ya kupiga kura. Kwa hiyo katika sifa na katika kutenganisha jaji na kadi ya chama, maandishi yetu ni makali kuliko ya kwao. Na hatujakosa watu waliopita pande zote mbili: Jaji Joseph Warioba alikuwa Waziri Mkuu kuanzia 1985 hadi 1990, na mwaka 1996 akawa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari.

Tunachokosa ni ile hatua ya kati, ya mteule kuulizwa maswali watu wakisikia. Hatuhitaji kwenda Washington kuiona. Kenya, kwa Katiba ya 2010, Tume yao ya Utumishi wa Mahakama huwahoji waombaji wa Mahakama ya Juu hadharani, na Willy Mutunga alipitia huko mwaka 2011 kabla ya kuwa Jaji Mkuu. Tunaamini hatua hiyo ingefaa hapa kwa mteule yeyote, awe ametoka bungeni, chuoni, kwenye uwakili au kwenye uhakimu. Aliyewahi kuwa na kadi ya chama angeulizwa aliirudisha lini, na kesi zipi angejitoa. Jibu lingebaki kwenye kumbukumbu, na wakili yeyote wa Mbeya au Iringa angeweza kulinukuu siku ya kuomba jaji ajitoe.

Tunaliomba gazeti lako, Ndugu Mhariri, lichapishe Ibara za 109 hadi 113A neno kwa neno kwenye ukurasa mmoja, kwa herufi zinazosomeka zikibandikwa ukutani. Shule nyingi za huku zina nakala moja ya Katiba kwenye kabati la mkuu wa shule, na kijana wa kidato cha sita akitaka kujua Tume ya Utumishi wa Mahakama ina wajumbe gani, hana pa kusoma jioni kabla ya mdahalo.

Wasomaji wako, walimu na wanasheria,
Iringa na Mbeya